Uso wa Bibi Esha Kwenye Kalenda

Mwajuma alinipigia simu asubuhi, siku ya tatu baada ya maziko, nikiwa nafagia mbele ya studio yangu hapa Masasi. Yeye ni mjukuu wa Bibi Esha wa Makote, muuguzi, anafanya kazi Ndanda, na husema mambo kwa mpangilio kama anasoma kadi ya mgonjwa. "Shikamoo Mama Salma." "Marahaba mwanangu, poleni tena." Akaniambia arobaini itakuwa lini, kisha akasema wanatafuta picha ya bibi waiweke sebuleni, na nyumba nzima haina hata moja. "Nikasema Mama Salma hawezi kukosa. Umepiga picha Newala yote, umepiga Masasi, na bibi mwenyewe ndiye aliyekufunda. Kweli huna?" Nikamjibu sina. Jibu lilitoka kabla sijalifikiria, na lilikuwa la kweli na la uongo kwa pamoja. Karatasi sina, filamu sina, lakini picha ya Bibi Esha niliipiga kwa mkono huu huu, na iliwahi kuning'inia kwenye kila duka kuanzia Newala hadi stendi ya Masasi. Mwajuma akanyamaza kidogo. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinyamaza kwenye simu najua ananipima. Halafu akasema haya, atatafuta kwingine, nikabaki nimeshika ufagio mpaka mteja wa picha za kitambulisho aliponiuliza kama tumefungua.

Mwaka nilioipiga ni ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kupanda kwetu na malori yao. Mambo mengi yalifunguliwa kwa mkupuo mmoja. Duka ambalo jana lilikuwa na chumvi na viberiti, leo lina sabuni za rangi tano. Mitumba ilimwagwa chini sokoni ukachague mwenyewe. Vyama vilikuja na bendera mpya, na mdomoni mwa kila mtu kulikuwa na neno moja, ruksa. Ukimuuliza kijana kwa nini anauza soda mbele ya mlango wa msikiti, anakujibu ruksa. Wazee walilisema kwa kubinya macho, kama mtu anayeonja mboga ya nyumba asiyoijua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga picha katika studio ya Fundi Bakari hapo Newala mjini, na nilikuwa na hamu moja tu duniani, kuwa na kamera yangu mwenyewe. Kamera ya Fundi ilikuwa moja, nzito, imefungwa kwa waya pembeni, na kila jioni aliirudisha kwenye sanduku, akafunga, ufunguo akauning'iniza shingoni. Sikumlaumu, ila kila aliposhika ule ufunguo nilijiona mimi ni mshika kamera, si mpiga picha.

Studio ilikuwa vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa sebule ya kitajiri: friji, simu ya mezani, na ngazi inayopanda kwenda kusikojulikana. Chumba cha nyuma ndicho chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa stoo ya dagaa, na mvua ikinyesha harufu ilikuwa inarudi kudai chumba chake. Fundi Bakari alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa miguu. Kwetu wakati ule picha ilikuwa mtu mzima, tangu kilemba hadi viatu. Watu waliazima viatu kwa jirani ili vionekane, na ukimpa mtu picha iliyoishia kifuani aliigeuza nyuma kutafuta kilichobaki. Picha ya kichwa peke yake ilikuwa ya kitambulisho au ya polisi. Sheria ya pili ilikuwa neno. Fundi aliinama nyuma ya kamera akauliza, "Tayari?" na hakuminya mpaka ajibiwe "Tayari." Hata mtoto wa kunyonya, mama yake alilazimika kumjibia. Nilikuwa naona ni mbwembwe za kizee. Mpaka mtu aseme tayari, uso ulishakauka, na ndiyo maana Newala nzima ukiiangalia katika picha za miaka ile utadhani walikuwa wanasubiri hukumu.

Barazani kwetu ndipo Bibi Esha alipokuwa anauza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha. Alitoka Makote na sufuria lake kichwani, akatandika khanga chini, akakaa akimenya kwa vidole, huku akitujua sote kwa majina na kwa makosa yetu. Yeye ndiye aliyenifunda unyagoni, kwa hiyo kwangu alikuwa somo, na mimi kwake mwali, mpaka kufa. Aliyonifunda hayaandikwi, msiyangoje hapa. Ninachoweza kuandika ni kwamba nikienda kwake Makote sikukaribishwa mkeka wa wageni. Niliingia moja kwa moja jikoni, tukala chungu kimoja, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na akiona nakula polepole aliuliza nani ameniudhi. Uso wake wote ulikuwa umechanjwa nembo, mistari iliyopangika vizuri kama ukili, na kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kipande cha mti mweusi, cha mviringo. Wanawake wa rika lake walivalishwa wakiwa wasichana, wakaambiwa ni uzuri. Halafu dunia ikageuka, watoto wa shule wakaanza kuwafuata njiani wakiwaimbia. Wengine waliivua. Bibi Esha alikataa kuivua na akakataa kuchekwa. Akachagua njia yake: mbele ya mgeni alivuta pembe ya khanga akafunika mdomo, akazungumza kutokea humo. Mkiwa wenyewe kwa wenyewe khanga inashuka, na hapo ndipo unapoona kicheko chake, maana alikuwa anacheka kwa mdomo mzima na ndonya inapanda mpaka karibu na pua.

Katika msimu huo akaja mtu kutoka Dar es Salaam akiitwa Lameck. Alipanga chumba kwenye gesti karibu na soko, akafua mashati yake mwenyewe, na hakuna aliyejua anakula wapi. Hilo peke yake liliwatosha watu. Akatoka na kamera nyeusi, ndogo, yenye lenzi fupi, akaanza kutembea. Hakupiga majengo wala hakupiga malori. Alimfuata mtu mpaka karibu, hatua moja, mpaka unasikia pumzi yake, akainua, akaminya usoni, akapita kama aliyekukosea njia. Alipiga kwenye foleni ya maji, alipiga kwenye mizani ya korosho, alipiga akina mama wanapoinama kupanga nyanya. Kufikia Ijumaa kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wa kwanza walisema ni mtu wa kodi, anakusanya nyuso za wasiolipa. Wengine walisema ni chama fulani kinataka kujua nani alikwenda mkutano wa chama kingine. Mama muuza vitumbua alisema ni mumiani, na aliyepigwa picha Jumatatu ameamka Jumatano na kizunguzungu. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Mimi niliwacheka mchana, lakini nilipopita mbele ya gesti nilibadilisha upande wa barabara.

Siku moja mzee mmoja mkulima, aliyekuwa ameleta magunia yake kwenye mizani, akaomba kuiona picha yake. Lameck, kwa wema au kwa kiburi, sijui, akamletea moja aliyoisafisha kwetu studio. Mzee akaitazama juu, akaitazama chini. Ilikuwa uso tu, kuanzia paji mpaka kidevu, kila kunyanzi limeonekana, jicho moja lina mtoto wa jicho. "Na miguu yangu umeiacha wapi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nakuuliza wewe bwana. Mimi nimekuja hapa kwa miguu yangu, nimebeba korosho zangu. Umenikata kichwa unakipeleka kwa nani?" Lameck akasema, "Mzee wangu, hii ni sanaa." "Hiyo sanaa ina miguu?" Mtu akaishika kamera kwa kamba yake, mwingine akamshika Lameck kwa kola, na kama Fundi Bakari asingetokea pale akipunga kofia, tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Fundi alimwokoa kwa kusema ni mgeni wake. Mgeni njoo mwenyeji apone, mtu akasema kwa kejeli, na watu wakatawanyika wakinung'unika. Mzee alikunja picha mara nne akaitia mfukoni, ili kichwa chake kisibaki mikononi mwa mtu.

Baada ya hapo Lameck akawa anakula kwetu, uani nyuma ya studio, ambako mke wa Fundi alipika mbaazi na wali siku za sikukuu na ugali siku nyingine. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha giza, nyuma ya pazia zito, mikono ndani ya dawa, nikiwasikiliza. Nilikuwa msikilizaji mzuri wa maneno yasiyonihusu, na bado niko hivyo. "Ukiomba ruhusa uso unaondoka," alisema Lameck. "Ukimwambia mtu tayari, anakuletea uso wa sebuleni, ule anaoutunza kwa ajili ya wageni. Mimi nautaka ule wa kweli." Fundi akatafuna. "Huo wa kweli ni wa nani?" "Ni wa kila anayepita. Barabara ni ya watu wote, mzee." "Barabara ndiyo," alisema Fundi. "Mdomo wa mtu siyo barabara." Wakacheka wote wawili, kama wanaume wanavyocheka wasipokubaliana na chakula bado kipo. Nitasema ukweli, mle gizani mimi nilikuwa upande wa Lameck. Nilikuwa nimezitazama picha zake zikijitokeza kwenye maji, uso baada ya uso, watu ninaowafahamu tangu utoto, na nilikuwa sijawahi kuwaona. Hasira zao zilikuwa nzuri. Ila nilianza kugundua jambo, kwamba zilikuwa zote hasira. Kila uso ulikuwa na shaka. Alitafuta ukweli wa Newala na akapata ukweli wa Newala ikimtazama yeye.

Nadhani naye alilijua. Siku nyingi alikuwa amekaa barazani akimvizia Bibi Esha, na kila alipoinua kamera khanga ilikuwa imeshafika. Bibi hakumtukana. Alimenya ming'oko kwa mkono mmoja, wa pili ukashika pembe ya khanga mdomoni, akasema kwa sauti ya utulivu, "Nunua, ntoto wa watu, ama uondoke kwenye jua langu." Siku moja Lameck akaja studio nikiwa peke yangu, akaiweka kamera juu ya meza, mbele yangu, kama mtu anayekutengea chakula. "Naondoka wiki ijayo," alisema. "Nina nyingine Dar. Hii inaweza kubaki Newala." Nikamuuliza ibaki kwa nani. "Kwa mtu anayeweza kunipatia yule bibi bila khanga. Kwako ataifungua." Nikasema nitamwomba. Akatikisa kichwa. "Ukimwomba atakupa uso wa sebuleni." Mimi ambaye nilikuwa namshuku mtu akinichekea kabla sijamchekea, siku hiyo sikushuku chochote. Nilishika ile kamera, ilikuwa nyepesi, na kidole changu kilikaa penyewe mahali pake.

Nilifanya saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia nusu ya baraza. Lameck alikuwa hayupo, tulikubaliana asiwepo. Nikakaa karibu na Bibi Esha, goti kwa goti, kama kawaida yetu, kamera ikiwa mapajani chini ya khanga yangu. Akanimenyea mng'oko. Khanga yake ikashuka yenyewe mabegani, maana hapakuwa na mgeni. Akaanza kunisimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyokwenda kuposa akiwa amevaa koti la kaka yake, na mwenye koti akatokea katikati ya maongezi akitaka koti lake. Nilishaisikia hadithi hiyo mara kumi, na nilijua atacheka wapi. Alipofika pale, nikainua kamera. Ilikuwa karibu sana, ningeweza kumgusa shavu kwa lenzi. Nikaminya. Kicheko hakikukatika, kilipungua tu. "Ni nini hicho?" "Kamera ya yule bwana, somo." "Umenipiga?" Nikasema, "Haina mkanda ndani. Najifunza kushika tu." Akanitazama kidogo, halafu akasema, "Haya, jifunze," akaendelea kumenya. Hakushuku. Newala nzima ilikuwa inashuku mwaka ule, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, na mtu pekee aliyestahili kushukiwa barazani pale ndiye aliyekuwa anamenyewa ming'oko.

Nilipoisafisha, ikatokea polepole chini ya taa nyekundu. Kwanza macho, halafu mistari ya nembo, halafu mdomo umefunguka wote na ndonya imepanda. Nimepiga picha maisha yangu yote na sijapiga nyingine kama ile. Fundi Bakari aliingia, akasimama nyuma yangu. Kisha akauliza, "Alisema tayari?" Nikasema, "Alicheka." "Sikukuuliza kama alicheka." Nilingoja aichane, na ndani yangu nilitaka aichane, ili lawama iwe yake. Hakuigusa. "Mwenye mikono ya kuichana ni wewe," alisema, akatoka. Nimekuwa nikijitetea kwa mengi tangu siku ile, umri, tamaa, maneno matamu ya Lameck, lakini sehemu hii haina utetezi. Nilikuwa na picha, nilikuwa na filamu, mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyenishika mkono. Nikaining'iniza ikauke.

Lameck aliondoka na filamu. Kamera alibakiza, mtu wa ahadi. Kwa kamera ile nilipiga harusi za Newala, nikapiga kipaimara Lupaso, nikahamia Masasi nikafungua studio yangu, nikamsomesha Salma. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, wakimaanisha tujihadhari na walio karibu nasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nilikuwa nguoni mwa nani. Msimu uliofuata kuondoka kwa Lameck malori ya korosho yakarudi, na kampuni moja, ambayo siku hizi haipo, ikawagawia wakulima na wenye maduka kalenda za bure. Juu zilikuwa na jina la kampuni, chini miezi kumi na miwili, na katikati, mkubwa kama sinia, uso wa Bibi Esha ukicheka. Haukuwa na jina. Haukuwa na miguu. Niliiona kwanza kwenye duka la vifaa vya baiskeli. Nikaanza kupita duka hadi duka nikiomba wanipe. Wengine walinipa, wakidhani nimeipenda. Mmoja alikataa kabisa: "Dada, mwezi wenyewe haujaisha." Huwezi kuzikusanya kalenda za wilaya nzima. Vijana waliokuwa wanamwimbia njiani sasa walimwita Kalenda.

Yeye aliiona alipokwenda kununua chumvi. Mwenye duka aliniambia baadaye kwamba alisimama mbele ya kalenda, akanyoosha kidole akagusa mdomo ule wa karatasi, akaondoka bila chumvi. Kesho yake alikuja barazani kama kawaida, akatandika, akapanga ming'oko. Nikatoka kumwamkia. "Shikamoo somo." Akavuta pembe ya khanga, akafunika mdomo, kisha ndipo akaitika. "Marahaba." Nilikaa karibu naye. Nilitaka anitukane, anipige, aniulize mbele za watu. Akamenya mng'oko mmoja, akaula mwenyewe, nyuma ya khanga. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kumbe ilikuwa na mkanda." Hakusema tena juu ya jambo hilo, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Nami sikumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba akishapoa, na kumbe hakuwa amewaka.

Mwishoni mwa mwaka kalenda zilishuka ukutani, wauza karanga wakazifanya vifungio, na watu wakasahau. Niliendelea kwenda Makote kila nilipoweza, nikipeleka sukari na khanga, na kila nilipofika alikuwa na khanga mdomoni. Aliniuliza habari za Salma, aliniombea dua, alinipa ming'oko ya kubeba. Mdomo wake sikuuona tena. Nilijipa moyo. Nikasema ni uzee, sasa anafunika mbele ya wote, wazee wengi huwa hivyo. Kwa maneno hayo nililala vizuri karibu miaka thelathini.

Siku ya arobaini nilitoka Masasi alfajiri, nikafika Makote watu wameshaanza kujaa. Wanaume walikuwa nje wakisoma, wanawake ndani kwenye mikeka, na kutoka uani ilikuja harufu ya pilau. Watoto walikuwa wanapita na simu wakitupiga nyuso, karibu kabisa, bila kuuliza, kisha wanatuonyesha na kucheka, na mama mmoja akajifunika akasema, "Jamani, hata arobaini?" Nilivua viatu, nikaingia sebuleni, nikainua macho. Alikuwa ukutani, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, mkubwa kuliko alivyokuwa kwenye kalenda. Mdomo wazi. Nikakaa pale pale karibu na mlango.

Mwajuma akaja kukaa pembeni yangu. "Si nilikuambia nitatafuta kwingine?" alisema. "Mwenzangu kazini aliiona kwenye simu. Imejaa huko mtandaoni, watu wanaitumia tu, chini wameandika Bibi wa Kimakonde. Nikalia, Mama Salma. Nikasema huyu ana jina, huyu ni bibi yangu. Nikaenda kuikuza Mtwara." Akaitazama. "Hebu angalia macho yake. Bibi hakuwa mtu wa kumchekea mtu ovyo. Aliyempiga hii picha alipendwa, wallahi. Natamani ningemjua nimshukuru." Nilikuwa na njia ya kukaa kimya, nilishaizoea. Na shaka yangu ya kawaida ikaniambia pengine anajua, pengine ananitega, na hata kwenye simu alikuwa ananitega. Nikamtazama usoni nikaona hategi. Alikuwa anashukuru kweli, na shukrani ile ndiyo iliyonishinda.

"Ni mimi," nikasema. "Niliipiga mimi. Nilimwambia kamera haina mkanda."

Hakushtuka. Aliniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa wake, nadhani, akipanga habari moja baada ya nyingine. Kisha akasema polepole, "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Bibi humu ndani hakuwa anafunika mdomo. Mbele yetu, mbele ya majirani, mpaka siku zake za mwisho nilipokuwa namwogesha. Miaka ya mwisho hata mtu wa njiani akipita hakujali. Ila akisikia sauti yako uani, anaomba khanga. Alipokuwa hawezi kunyanyua mkono, alikuwa anasema, nifunike, Mwajuma, anakuja. Tukamuuliza, bibi, si Mama Salma huyo, mwali wako mwenyewe?" Akasita.

"Sema tu mwanangu."

"Akasema, 'Yule mgeni. Mbele ya mgeni mtu anajisitiri.'"

Mwajuma akaondoka akaenda kushusha fremu. Aliishika mikononi kwa muda, hajui aigeuze ukutani au airudishe, maana ndiyo picha pekee waliyo nayo, na hakuna nyingine duniani. Sikumshauri. Mlangoni akatokea mama mmoja na birika la maji na beseni, taulo begani. "Wageni wanawe kwanza, jamani," akaita. "Wenyeji tusubiri. Wageni, karibuni." Tangu nilipotoka unyagoni sikuwahi kunawa na wageni katika nyumba ile, mimi nilikuwa wa jikoni. Nikainuka kwenye mkeka, nikatoka pamoja nao, nikakinga mikono.